Mzee kakasirika kusoma maneno yake mwenyewe: kwa nini mazungumzo yakiandikwa yaonekana mabovu?

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Lamu, nalifupisha. Yuko na kikundi cha vijana wanaorekodi wazee waliokuwa mabaharia, basi akaenda akaketi dakani, pale barazani mlangoni, kwa mzee mmoja mtaa wa Langoni akarekodi na simu zaidi ya saa nzima, mzee kasimulia mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza. Kurudi nyumbani, asema, akaandika kila neno alilolisema mzee bila kupunguza hata moja, akaprinti, akampelekea. Mzee kavaa miwani, kasoma ukurasa mmoja, karatasi kairudisha: "Mimi sisemi hivi. Waniandika kama mlevi." Sasa binti auliza, kwani mzee alisema vibaya na sisi tuliokuwapo hatukusikia? Na akiyasafisha yale maneno hatakuwa amewadanganya wasomaji? Kaniletea klipu fupi na maandishi yake, kipande chenyewe hiki:

"Yaani ile... eeh, siku ile sisi tulikuwa, tulikuwa si wawili, alikuwapo na yule, nani, yule wa pale Shela, basi tukatoka, tukashika njia, na kusi ile imeshika, si unajua kusi ya mwezi wa sita, haina, eeh. Haina mzaha. Tukafika hapo, maji yale yalivyokuwa, hivi, tukasema hapa leo, hapa leo ndipo."

Mwanangu, mzee hakusema vibaya, na wewe masikio yako yako sawa. Klipu nimeisikiliza na ni msimulizi hodari kweli kweli, wallahi nilitaka iendelee. Shida ni kwamba umechukua kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeketi pale mbele yake, ukakiweka mbele ya mtu asiyekuwapo, tena ukakipeleka nusu, nitakuonyesha nusu ya pili iko wapi. Jahazi maji yakikupwa ulione limelala ubavu juu ya mchanga utasema hili limekwisha, kumbe ni maji tu hayapo.

Kwanza ujue sio mzee peke yake. Chukua hakimu, chukua khatibu wa msikiti, chukua mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ambaye insha zako alikuwa akizijaza wino mwekundu, mrekodi bila matayarisho akizungumza na rafiki yake kuhusu bei ya samaki halafu andika kila sauti iliyomtoka, utapata hivyo hivyo, marudio, maneno yaliyokatika njiani, sentensi zilizoanza hazikwisha. Sisi hatuyasikii kwa sababu sikio halisikilizi maneno, lasikiliza maana, na yale mengine yafanya kazi yake kimya kimya yakapita. Jicho ndilo lisilosamehe.

Hata wataalamu wa lugha wenyewe walikaa miaka mingi wakiyaona mazungumzo ya kawaida kama takataka, wakitaka mfano wa sentensi wautoa kitabuni au vichwani mwao. Kilichogeuza mambo ni mashine ya kurekodi. Miaka ya 1960 kule Los Angeles, Marekani, jamaa mmoja akiitwa Harvey Sacks alipata tepu za simu zilizopigwa kwenye kituo cha kusaidia watu wanaotaka kujiua, akaanza kuzisikiliza tena na tena, sekunde kwa sekunde, akaona hakuna kitu pale kilichokuja hivi hivi tu. Akashirikiana na Emanuel Schegloff na Gail Jefferson, na huyu Gail ndiye aliyeanzisha njia ya kuandika mazungumzo pamoja na pumzi, kicheko, watu wanaposemeana juu, na kimya kikipimwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Mwaka 1974 watatu hao wakatoa makala kuhusu namna watu wanavyopeana zamu ya kusema na mpaka leo ndiyo msingi wa fani hii ya kuchambua mazungumzo. Sacks mwenyewe hakuishi sana, alikufa kwa ajali ya barabarani mwaka uliofuata.

Sasa hiyo zamu ndiyo ufunguo wa "eeh" za mzee wako. Fikiria wanaume wanne wamekaa Mkunguni pale mbele ya ngome ya Lamu, wanapiga soga, hakuna mwenyekiti, hakuna anayeinua mkono, hakuna aliyepangiwa dakika ngapi, na bado wakati mwingi asema mtu mmoja, akimaliza mwengine adaka. Mwaka 2009 watafiti walipima lugha 10 za sehemu mbali mbali duniani (Kiswahili hakikuwamo, kutoka Afrika ilikuwako lugha moja ya Namibia), wakauliza: mtu akiulizwa swali la ndio ama la, yapita muda gani mpaka ajibiwe? Wastani ukaja kama milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Wajapani walikuwa wepesi zaidi na Wadenmaki walichelewa kidogo, lakini hata hao hawakufika nusu sekunde. Na kumbuka ubongo wenyewe, ukionyeshwa picha ya paka uambiwe taja hiki nini, wachukua kama milisekunde 600 kabla neno halijatoka mdomoni. Kwa hiyo hesabu haiji isipokuwa msikilizaji anaanza kutayarisha jibu lake mwenzake akiwa bado asema, anamkisia ataishia wapi.

Basi hebu jiweke kwa mzee. Atafuta neno, na ulimi ukinyamaza kidogo tu kuna watu pale barazani washajitayarisha kuingia. Afanyeje? Atoa "eeh", atoa "yaani ile", maana yake subirini nyote, zamu bado yangu, kitu kinakuja. Mwandishi hana haja nayo, yeye aweza kuinuka akanywa kahawa akarudi sentensi bado inamngoja. Ndio sababu kwenye karatasi "eeh" yaonekana upumbavu, kazi yake imeondoka, imebaki yenyewe tu.

"Tulikuwa, tulikuwa si wawili" nayo ni hivyo. Mzee alitaka kusema wawili, akakumbuka kulikuwa na wa tatu, akajirekebisha hapo hapo. Kwenye maandishi mtu hufuta na msomaji hajui kamwe kulikuwa na kosa, kwenye kusema huwezi kufuta, waweza kuongeza tu. Na Kiswahili chetu kina jambo lake hapa, kitendo huanza na mtendaji, sasa ulimi ushasema "ali" kabla kichwa hakijaamua ni mmoja ama wengi, ndio wasikia watu wasema "ali, walikuja", "ni, tukaenda". Sikiliza leo jioni utazisikia kila pahali. Tena watu hupendelea kujirekebisha wenyewe, kumrekebisha mwenzio barazani ni jambo la kufanya kwa adabu, hasa akiwa mkubwa wako, twasema "ee babu, hakuwa fulani yule?" kama swali ingawa twajua jibu.

Halafu "nani". Hapa ndipo nilipokwambia umepeleka nusu. Kwenye maandishi yako mzee asema "na yule, nani, yule wa pale Shela, basi tukatoka", mtu akisoma ataona mzee kasahau jina akaliacha. Lakini kwenye klipu kuna sauti ya mzee mwengine kwa nyuma amtaja yule bwana kwa jina, na mzee wako asema "ndiye huyo" kwa sauti ya chini, NDIPO aendelea. Wewe umemwondoa yule mzee wa pili kwa sababu si yeye uliyemhoji. Na wewe mwenyewe umejiondoa! Nimekusikia, "ehee", "mmh", "lo!", "ikawaje babu?", mara nyingi sana, kwenye karatasi hakuna hata moja. Ile "haina, eeh. Haina mzaha" nayo, wewe ulisema "hatari" katikati, ile "eeh" ni jibu lake kwako, akamalizia. Ukikata upande wako yeye abaki ajijibu peke yake kama mtu asemaye na ukuta, hapo ndipo ulevi ulipotoka.

Na usidhani "ehee" yako ni adabu tu. Kuna jaribio lilifanywa Kanada na Janet Bavelas na wenzake, likatolewa mwaka 2000, waliwakalisha watu wawili wawili, mmoja asimulia jinsi alivyonusurika na hatari fulani, wa pili asikiliza, ila baadhi ya wasikilizaji walipewa kazi ya siri, kila wakisikia neno linaloanza na herufi t wabonyeze kitufe. Hao wakawa wasikiliza maneno hawasikilizi hadithi, wakashindwa kusema "lo!" pale panapostahili. Wasimulizi wao, ambao hawakujua lolote kuhusu hiyo kazi, wakasimulia vibaya, hasa mwisho, pale hadithi ilipotakiwa ikolee wao wakazunguka wakarudia rudia wakajieleza. Kwa hiyo ile hadithi tamu uliyoirekodi mliitengeneza wote, mzee, wewe, na wale wapita njia. Voisi za WhatsApp kwangu mimi ni ushahidi tosha, mtu mwenye akili zake anatuma dakika saba na ndani yake "umenielewa? eeh, sasa, umenielewa?" kwa sababu hakuna anayemwambia ehee nimekuelewa endelea.

Tuje kwa "si unajua". Kwa msomaji wa Nakuru hiyo si unajua ni uongo mtupu, hajui kitu, kusi, huo upepo wa kutoka kusini, hajawahi kuiona. Lakini mzee hakuwa asema na mtu wa Nakuru. Mwanzo wa rekodi, waniambia mwenyewe, zilikuwa dakika za salamu ukazitupa. Habari za asubuhi, njema, za nyumbani, njema, wewe ni mtoto wa nani, aah mjukuu wa fulani, babu yako twamjua. Hizo hazikuwa za kutupa, mzee alikuwa akipima asimulie vipi. Alipojua babu yako naye alikuwa mtu wa bahari akaona hapa sina haja ya kueleza kusi ni nini, mjukuu huyu ajua. Angekuja mgeni kutoka bara angesimulia mengine, angeanza na pepo, kaskazi huvuma lini na kusi lini na kwa nini chombo kidogo mwezi wa sita hakichezi na mlango wa bahari. Msemaji humkatia mtu wake nguo kwa kumwangalia. Mwandishi hamwoni msomaji, basi inambidi aeleze kila kitu kwa kila mtu, ndio maana maandishi ni mazito.

"Tukafika hapo", "hivi", "hapa leo ndipo", hizo nina hakika zilikuwa na mkono. Wewe ulikuwapo, mkono ulikwenda wapi? Maji yalikuwa "hivi" vipi, juu ya kichwa ama ya kuzunguka? Na sauti pia ni mkono wa namna yake, kwetu "umekula" na "umekula?" ni herufi zile zile kabisa, kinachotenganisha ni tuni tu, barazani sijui lini mara ya mwisho nimesikia mtu akianza swali na "je" isipokuwa aiga mtangazaji wa redio.

Kitu kimoja kikubwa nataka ukiangalie kabla ya vyote, na hiki si cha mapambo. Kwenye maandishi yako uliandika hivi: swali, "Kuna mtu alifariki siku ile?" jibu, "Twamshukuru Mungu." Nikisoma hapo naelewa wote walisalimika, alhamdulillahi. Klipu yasema mengine. Baada ya swali lako pana kimya, nimekipima ni zaidi ya sekunde nne, kisha pumzi, kisha "aah", kisha ndio "twamshukuru Mungu". Sekunde nne kwa kusema ni kitambo kirefu sana, Gail Jefferson alionyesha mwaka 1989 kwamba watu kwenye mazungumzo huvumilia kama sekunde moja hivi ya kimya, ikizidi mtu atafanya kitu, akohoe, aulize tena. Jibu jepesi huja haraka, lililo zito huja na kuchelewa na "aah" na "yaani". Si ndivyo tunavyojua mtu hatakuja harusini? Wamwambia "utakuja Ijumaa?" akasema "nitakuja" papo hapo, huyo atakuja, akangoja kidogo, akavuta pumzi, "aah... inshallah", mwenye harusi ashajua sahani moja imepungua, na hakuna aliyesema hapana. Mimi sikwambii mzee alimaanisha nini, siwezi kujua, nakwambia tu umeandika maneno yake mawili na kuacha kitu alichokisema. Na vizuri hukumuuliza tena pale mbele ya watu. Ukienda, nenda peke yako, akitaka kukueleza ataeleza, akinyamaza basi andika "(kimya, sekunde nne)" na umuulize kama aridhia hiyo ibaki.

Haya, usafishe ama usisafishe? Fanya nakala mbili, usitafute moja ya kufanya kazi zote. Ya kwanza ni ya kuhifadhi, humo weka kila kitu, sauti yako, sauti ya yule mzee mwengine, salamu, kimya, kicheko, mkono ulivyokwenda, punda aliyelia akamkatiza, na hiyo ikae pamoja na rekodi yenyewe kwa sababu karatasi peke yake itamsaliti daima. Kila msemaji mpe herufi, wakisemeana juu onyesha ni wapi. Itakuchosha, dakika moja ya sauti yaweza kukula saa nzima ya kuandika, kwa hiyo usifanye rekodi yote hivi, chagua sehemu zilizo nzito.

Ya pili ni ya kusomwa, hiyo isafishe bila hofu. Bunge la Uingereza na ukali wao wote, kumbukumbu zao za Hansard kwa zaidi ya miaka 100 zimeandikwa kwa kanuni kwamba marudio yaondolewe na makosa ya wazi yarekebishwe, ila kisiachwe kitu kinachoongeza maana. Kama wabunge wapata heshima hiyo, baharia wa Langoni aikosee nini? Toa "eeh" za kutafuta neno, toa mianzo iliyokatika, jina la yule wa Shela lirudishe pahali pake kama mzee akubali litajwe. Lakini -ka- zake usiziguse, tukatoka, tukashika, tukafika, hizo ndizo mwendo wa hadithi, nimeona vijana wakizigeuza kuwa "tulitoka kisha baada ya hapo tulielekea" na hadithi yote ikafa. Sentensi zake fupi zilizofuatana usizishone kuwa moja ndefu ya kiofisi. "Si unajua kusi" iache, ongeza maelezo mafupi pembeni kwa mtu wa Nakuru.

Na jingine, umeandika "tukashika njia". Mzee hakusema njia, kasema "ndia", na mbele kidogo kasema "yana" wewe ukaandika "jana", "mato" ukaandika "macho". Hayo si makosa ya ulimi ya kusafishwa, hicho ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu, na watu walikuwa wakiandika tendi kwa Kiamu kwa herufi za Kiarabu zamani sana kabla ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulioamua Kiunguja, Kiswahili cha Zanzibar, kiwe ndio msingi wa Kiswahili sanifu. Yarudishe yote. Sitashangaa kama sehemu ya hasira za mzee ilikuwa hapo, maneno yaliyokatika umeyaacha kama yalivyo na maneno yake mazima ndio umeyabadilisha.

Ukimaliza usimpe karatasi asome. Ketini pale pale dakani, umsomee kwa sauti, polepole, umwone uso. Akisema "hapa sikusema hivi" usibishane na rekodi mkononi, muulize angependa iandikwe vipi na uandike, nakala ya kwanza si iko. Akisema kitu kitoke, kitoe, ni maisha yake.

Na simu siku nyingine usiilaze kwenye mkeka, nusu ya klipu nasikia vikombe vya kahawa. Iegemeze kwenye mto karibu na mzee, kioo kikiangalia chini asiwe anasumbuliwa na taa, na uizime data kabisa, manake dakika ya mwisho pale imeingia meseji yako ya M-Pesa juu ya jina la jahazi, na sasa hatujui jahazi lenyewe liliitwaje.